Gari la Bi Kijani

Mume wangu alipofungua kitasa cha mlango wa dereva, nilijua bado anampenda.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa gari, ndoo ya maji ya sabuni miguuni, nikimwangalia akizungusha bisibisi taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba. Kitasa kikalegea. Akakitoa, akakipangusa, akakilaza mezani juu ya taulo safi, kisha akahamia mlango wa pili. Akavifungua vyote. Akafungua na taa za nyuma, akatoa vioo vya pembeni, akachomoa mipira ya madirisha. Kabla hata ya saa ya chai gari lile lilikuwa limebaki uchi, na roho ilikuwa inaniuma hadi mate yangu yakawa machungu.

Asiyeijua kazi yetu atasema nina wazimu, kwa hiyo nieleze. Sisi ni watu wa stika. Mtu analeta gari jeupe, anataka liwe jeusi au jekundu bila kuigusa rangi ya kiwandani. Tunalivika plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja, tunaipasha moto, tunaivuta, tunaikandamiza hadi ishike kila kona na kila mkunjo. Kazi hii inataka uvumilivu, na mume wangu uvumilivu hakujaliwa. Alichojaliwa ni mikono. Akitandaza stika juu ya boneti, hata wapita njia walikuwa wanasimama kutazama. Lakini haraka zake zilikuwa zinatuharibia jina.

Kitasa, kwa mfano, alikuwa hakifungui. "Mteja anaona rangi, haoni kitasa," ndivyo alivyokuwa akisema, kisha anapitisha wembe kukizunguka, nami nafumba macho kwa sababu najua chini ya ule wembe kuna rangi ya mtu inachanjwa. Kwenye mabonde ya bampa alikuwa anaivuta stika kwa nguvu, ikiwa baridi, badala ya kuilainisha kwanza. Na akishamaliza alikuwa haupitishi tena ule moto wa mwisho, ambao ndio unaoifanya stika iliyovutwa itulie na isitake kurudi ilikotoka. Jua likipiga wiki mbili tatu, kona zinainuka, mteja anarudi kanuna. Mimi ndiye niliyekuwa nampokea, namwekea kiti, namchekesha, huku mume wangu akijifanya yuko kwenye simu.

Na sisi tulikuwa na gari letu, la mizigo, bovubovu. Lile alilibandika siku moja tu, na kabla wiki haijaisha mlango wa upande wangu ulikuwa umeota malengelenge. Nilipomlalamikia alicheka. "Wewe ni wa nyumbani, mama. Utanikimbia kwa sababu ya povu?" Nami nikacheka, kwa kuwa wakati ule ilichekesha.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anafungua vitasa.

Mwenye gari alikuja Jumatatu. Mwanamke wa rika langu, mrefu, nguo zake hazina mambo mengi, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi, kwa sababu hakuhitaji mambo mengi. Alinikuta naosha pikipiki ya mteja pale nje. "Samahani dada, fundi yupo?" Nikataka kumwambia fundi ni mimi pia, lakini mume wangu alikuwa ameshatokea mlangoni. Akasimama. Akajipangusa mikono kwenye suruali, na mikono ilikuwa misafi.

"Umekuja," alisema.

Si karibu, si habari za siku nyingi. Umekuja.

"Nimekuja na gari," mwanamke akajibu. "Nalitaka kijani. Kile kijani kizito."

Hakuuliza tutamaliza lini. Alitoa ufunguo, akampa yeye, wala si mimi niliyekuwa karibu, kisha akaondoka kwa miguu. Mume wangu akabaki na ufunguo ule kiganjani muda mrefu kuliko ufunguo unavyostahili.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa wifi yangu, dada yake mume wangu, fundi cherehani, mtu asiyeweza kukaa na neno hata kwa dawa. Nilikwenda kwake jioni ileile.

"Wifi, huyu wa gari jeupe ni nani?"

Akauondoa mguu wake kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. "Kaa kitako kwanza."

"Nimekaa."

"Huyo ndiye aliyekuwa awe wifi yangu kabla yako. Siku ya ndoa ilishapangwa. Akavunja yeye. Kaka alikonda hadi nikawa nampunguzia suruali kila wiki." Akanitazama usoni, akaona ametia petroli, akajaribu kuzima. "Lakini mla ni mla leo, wifi yangu. Mla jana kala nini?"

"Mla jana ameleta gari," nikasema.

Alicheka hadi akashika meza. Yeye ndiye aliyembatiza jina la Bi Kijani, na jina hilo ndilo ninalomwita hadi leo.

Siku zile nilijifunza kwamba wivu una macho makali kuliko mkaguzi yeyote. Mume wangu alilifuta gari zima kwa spiriti, akalifuta tena, hadi ndani ya mikunjo ya milango ambako hata mwenyewe Bi Kijani asingeinama kuchungulia. Kazi ya kufuta ilikuwa yangu. Nilipofika na kitambaa changu akaniambia, kwa upole, "Acha tu, hili nitamaliza." Nikaachia. Nikaenda kufagia sehemu iliyokwisha kufagiwa, naye akanisihi nisifagie, nisije nikatimua vumbi. Tangu lini yeye akaogopa vumbi?

Vipande vyote alivikata kutoka roli moja, vikielekea upande mmoja, kwa sababu kijani kile kilikuwa na unga wa kung'aa ndani yake. Ukigeuza kipande kimoja ili kubana matumizi, ndani ya banda huoni kitu, lakini juani mlango mmoja utaonekana wa gari jingine. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kelele kuhusu hilo, naye akinijibu kwamba nina macho ya kinyonga. Pale kwenye kukata hakugusa wembe kabisa. Alitandika ule uzi mwembamba wa kukatia chini ya stika, akauvuta, stika ikapasuka mstari ulionyooka bila rangi kuguswa. Uzi huo niliununua mimi. Ulikuwa umekaa kwenye droo tangu mwaka uliotangulia, haujafunguliwa hata kifuniko.

Kila kosa nililomwomba aliache, kwa utani, kwa ugomvi, kwa kumnunia, aliliacha kwa ajili ya yule. Hicho ndicho kilichoniuma. Ningemkuta ameandika barua ya mapenzi ningejua la kufanya, ningeichana. Utachanaje kona iliyokaa vizuri?

Bi Kijani alikuja kulichukua mchana, jua limesimama. Tukalisukuma nje. Lazima niseme ukweli, ingawa unanichoma: sijawahi kuona gari zuri namna ile. Alilizunguka kimyakimya, akipitisha kidole kwenye kingo, akitafuta mahali stika inapoishia, na asipate. Alipofika kwenye bampa akatabasamu.

"Siku hizi umekuwa mvumilivu," alimwambia.

Siku hizi. Maneno mawili tu, na ndani yake kulikuwa na nyumba nzima ambayo mimi sikuwahi kukanyaga. Mume wangu akajibu kwamba asilioshe kwa wiki moja, na asitumie mashine ya maji yenye nguvu karibu na kingo. Akageuka akaingia ndani. Mimi ndiye niliyesimama kumpungia mkono.

Nilipiga moyo konde hadi jioni. Alikuwa anapanga visu kwenye boksi, mgongo kwangu.

"Nikuulize kitu, Baba?"

"Uliza."

"Letu ulilimaliza siku moja. Hili umelifanyia wiki nzima, na vitasa ukafungua. Niambie kwa nini. Nidanganye ukitaka, lakini nidanganye vizuri."

Akapanga kisu kimoja, akakipanga tena.

"Wanaorudi hapa ni wepi?" aliuliza.

"Wenye kona zilizobanduka."

"Basi," akasema. "Nilitaka huyo asirudi."

Niliona jiwe limeniondoka kifuani. Nilikwenda nikamkumbatia palepale kwenye harufu ya spiriti, naye akanipigapiga mgongoni kama anayebembeleza mtoto. Usiku nilikula vizuri, nikalala vizuri. Asubuhi nikiwa nasuuza vitambaa ndipo akili yangu ilipoamka. Mtu asiyekuhusu, akirudi, si anarudi tu? Wateja wangapi walirudi pale, na kelele zao, na yeye hakuwahi hata kuinua kichwa? Mtu huweka kufuli kwenye mlango unaoweza kufunguka. Nikakamua kitambaa hadi kikabaki hakina hata tone, lakini sikumwuliza tena, kwa sababu safari hii niliogopa atanijibu.

Tena kulikuwa na jambo ambalo sisi wawili, na ufundi wetu wote, hatukulifikiria. Gari baya linamrudisha mwenyewe. Gari zuri linaleta na wengine. Kizuri chajiuza, wahenga hawakukosea, nami nilikuwa na mume aliyejitahidi kumfukuza mtu kwa kazi nzuri.

Bi Kijani alirudi mvua zilipoisha. Alikuja na gari dogo la kusambaza mizigo, la ofisi yake. Mume wangu alimwona kupitia dirishani kabla sijamwona mimi.

"Natoka kidogo," alisema. "Visu vimeisha."

Visu havikuwa vimeisha. Boksi lilikuwa mbele yetu, limejaa, na alijua kwamba naliona. Akapita mlango wa nyuma.

"Bosi wangu ameliona langu," Bi Kijani akaniambia. "Hataki fundi mwingine. Fundi yupo?"

Ningeweza kumwambia tuna foleni. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kumkataa kungekuwa kumwambia kwamba namwogopa, na hilo nisingempa, hata kama lilikuwa kweli tupu.

"Ndiye huyu unayeongea naye," nikasema. "Nipe ufunguo."

Alinitazama, safari hii akaniona. Akanipa.

Siku zote za kazi ile mume wangu alikuwa na safari: roli za kufuata, mdeni wa kutafuta, jino la kung'oa. Nililibandika gari lile mimi, la kwanza kulibandika peke yangu toka boneti hadi mlango wa nyuma. Leo kuna watu wananipigia simu kutoka mbali wakiniita fundi, na mume wangu ndiye anayeosha na kufuta, na watu hudhani tulibadilishana kwa sababu ya mgongo wake unaomsumbua siku hizi. Waache wadhani. Kwenye bampa la gari lile stika ilinigomea, nikaibandua nikaanza upya, nikaipasha, nikaipa muda, nikaikandamiza kutoka katikati kwenda nje. Nilikuwa nafanya kwa hasira, na hasira yangu ilikuwa na subira ya ajabu. Nilitaka siku Bi Kijani atakayopitisha kidole chake asipate pa kukishikiza.

Alikuja, akapitisha, hakupata. "Kazi yako ni nzuri kuliko yake," alisema, na sikuhisi kama ananipaka mafuta. Akaingia garini, akawasha. Halafu akashusha kioo.

"Dada, mwambie fundi..."

Nikangoja. Injini ilikuwa inaunguruma, na yeye alikuwa anatazama barabara iliyokuwa haina kitu.

"Basi," akasema. "Usimwambie kitu."

Akaondoka, na hakuja tena. Ofisi ile ilituletea magari mengine, ila alikuwa anayaleta dereva.

Jioni ya siku lile gari lilipochukuliwa, mume wangu alirudi na visu vipya. Tulikaa mezani. Alisifu chakula kabla hajakionja. Akaniuliza kuhusu bampa, nikamwambia. Akaniuliza kuhusu mlango wa nyuma, nikamwambia. Akakata kipande cha nyama, akakisogeza pembeni ya sahani.

"Amelichukua?"

"Amelichukua."

"Alisema nini?"

Nilitafuta uongo mahali pote nilipozoea kuuweka, nikakuta ukweli unatosha.

"Hakusema kitu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akachukua maji, akanywa, akairudisha bilauri pale ilipokuwa. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikainuka kukusanya vyombo, na nikiwa nimempa kisogo nikamsikia akiuliza, kwa sauti ndogo ambayo miaka yote tuliyoishi pamoja hakuwahi kuitumia kwangu:

"Hata kidogo?"