Mlango wa Célestine

Jumamosi asubuhi Célestine alikwenda kuanika taulo za saluni nyuma ya jengo lao la Berea, Johannesburg, akakuta kilima kimechongwa mahekalu. Yalikuwa mahekalu ya kale ya Kibudha, nguzo na vyumba vyote ndani ya mwamba, ingawa Ijumaa hayakuwepo. Alimaliza kuanika, ndipo akaingia kutembea.

Ndani alikaa Budha wa jiwe, amenawiri, macho nusu yamefumba kama ya mlinzi wa getini mchana. Célestine, msusi mzaliwa wa Bukavu, alitazama nywele: vifundo vidogo vidogo kichwa kizima, ila nyuma ya sikio vilikuwa vimefumuka. Aibu gani hiyo. Aligeuza ndoo, akapanda, akaviviringa upya.

Pembeni kulikuwa na vyumba vya watawa, kila kimoja na kitanda cha jiwe. Alijaribu kulala juu ya kimoja. Yeye alilala nyuma ya pazia katika fleti ya watu tisa, na mama yake kule Bukavu alikuwa amekataa katakata kumtuma Arlène, binti wa Célestine, alale mahali ambapo mwanamume yeyote anayekwenda chooni anaweza kufunua pazia. Sharti lilikuwa moja tu, mlango. Vyumba vya watawa havikuwa na milango; watawa hawakuwa na mabinti.

Jumapili mchungaji Gustave alikuja kukemea pepo wa sanamu, akagundua sauti yake inavuma vizuri mle bila spika, akahamishia kwaya humo. Théodore, aliyeishika fleti na kuwapangisha wenzake, alitundika mapazia mapangoni pia. Célestine alichukua chumba cha mwisho.

Jioni, akiviringa vifundo vilivyobaki, alimsimulia Budha habari za Arlène. Budha aliinuka, akanyoosha magoti, akaenda kuketi kizingitini pa chumba cha Célestine. Aliuziba uwazi wote. Ukimgonga bega anasogea, ukiingia anafunga. Célestine alilala bila suruali ya jinzi kwa mara ya kwanza tangu afike Johannesburg.

Asubuhi Théodore alikuja kukagua. Alimgonga Budha bega, naye akasogea.

"Dada, chumba yenye mulango ni ya chef, mukubwa wa nyumba," Théodore alisema kwa upole, akaingiza godoro lake.

Célestine alirudi nyuma ya pazia lile lile. Bado anakwenda kumtengeneza Budha, kwa kuwa nywele zinakua na kosa si lake. Mama yake alipopiga simu kuulizia mlango, alimjibu huku mkono mmoja umeshikilia pazia lisifunuke.

"Mulango iko, mama. Chumba ndiyo haiko."