Neno la Baba Katika Paa

Shangazi alifika saa mbili asubuhi na kikapu cha miche, akamkuta mwezekaji yuko juu, akivuta nyasi kuukuu. Miaka arobaini alikuwa hajaitia machoni nyumba hiyo ya wazazi wake. Sasa mtoto wa kaka yake alikuwa anaikarabati, na hakuna mwingine aliyekumbuka bustani ilivyokuwa: mlimau karibu na mlango wa jikoni, yasmini dirishani, na kijia cha mawe ambacho yeye na kaka yake walikipanga kwa mikono, wakigombana kila jiwe.

Paa lilikuwa na matabaka matatu, kila mwezekaji akiwa ameezeka juu ya kazi ya mwenzake.

"Nyasi hushika maneno," mwezekaji alieleza. "Jua likizipiga, zinayaachia. Ndiyo maana siezui mpaka wenyewe wawepo. Sitaki lawama."

Tabaka la juu likatoa ugomvi wa wapangaji. La pili likatoa kikohozi cha kaka, Mungu amrehemu, kwa muda mrefu kidogo. La chini baba yao aliliezeka mwenyewe. Hapo mama akaita, "We binti! Maji yatajileta?"

"Abee, mama," Shangazi akaitika, akainuka na ndoo kabla hajakumbuka kwamba ana miaka sabini. Akacheka, kisha akalia kidogo. Lo, alivyoikumbuka ile sauti!

Baba akaja wa mwisho, kama desturi yake. Sauti ilikuwa ya mgonjwa, lakini kila neno lilisikika.

"Nyumba na bustani ni za binti yangu. Wewe nimekupa shamba."

"Nimesikia, baba," akajibu kaka, yule yule aliyemwambia dada yake baada ya mazishi kwamba mzee hakuacha neno.

Mtoto wa kaka akajipangusa vumbi begani. "Shangazi, yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo," Shangazi akamalizia, maana alilelewa vizuri.

"Na hati ina jina la baba yangu."

"Najua, mwanangu."

Mwezekaji akauliza kama achome taka. Shangazi akaomba tita moja tu la tabaka la chini lirudishwe, juu ya mlango wa jikoni. Mtoto wa kaka hakukataa. Nyasi zilikuwa bado nzima, na yeye si mtu mbaya.

Nyumba ilipendeza. Mlimau ulishika, yasmini ikapanda mpaka dirishani. Kila jua likipanda, baba husema neno lake na kaka hujibu kwamba amesikia. Mke wa mwenye nyumba huongeza sauti ya redio kidogo.

Jumamosi Shangazi huja kumwagilia. Hubisha hodi mlango wa jikoni, chini ya lile tita. Baba yake husema nyumba ni yake, naye husimama na ndoo mkononi, akingoja kuambiwa karibu.