Kidole Nyuma ya Kigae

Kiwandani walimwita Jaji, na jina hilo hakulipewa kwa mapenzi. Kazi yake ilikuwa kugonga vigae. Kila kigae cha ukutani kilichotoka katika moto wa kwanza, kikavu na cheupe kama mfupa, kilipita mikononi mwake kabla hakijapakwa kioo, ile rangi ya majimaji inayong'aa ikishachomwa. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakigonga kwa kijiti, akasikiliza. Kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, hutoa sauti ya kibuyu. Cha kengele kiliwekwa kwenye toroli. Cha kibuyu kilitupwa pipani, kikarudishwa kinuni kusagwa upya pamoja na udongo na chokaa. Hakuna aliyepata kumshawishi anusuru hata kimoja. "Kigae hakina mjomba," alisema, na watu wa mashine ya kugandamiza, ambao makosa yao yaliishia katika pipa lile, walimchukia kwa adabu.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba Jaji hakusikia tena kengele wala kibuyu. Vinu vya udongo, alikofanya kazi ujanani, vilimla masikio kama panya, kwa kuuma na kupuliza, hata siku alipotambua kuwa hasikii hapakuwa na kitu cha kuokoa. Mkewe alifariki mwaka uo huo. Aliporudi jioni katika chumba chake, hakuweza kujua kama nyumba ilinyamaza kwa sababu ya mauti au kwa sababu ya masikio. Redio alimpa jirani. Birika aliliangalia kwa macho, akisimama mbele ya jiko mpaka mvuke uonekane, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba maji yamechemka.

Hata hivyo, kazi hakuiharibu. Aligundua kwamba akitegesha ncha ya kidole nyuma ya kigae, mtetemo humjia: kizima hutetemeka kwa muda, mwembamba kama uzi, chenye ufa hufa papo hapo. Kwa miaka miwili kidole kilikuwa sikio lake, na katika miaka hiyo hakupitisha kibovu hata kimoja. Kwa hiyo hakujiona mwongo. Maneno aliyasoma midomoni, lakini waliomwamkia kwa nyuma hawakujibiwa, na waliomtania kwa mbali walitazamwa kama ukuta. Wakasema anaringa. Bibi Kioo, mpakaji wa kioo katika meza iliyofuata, ambaye zamani hakumaliza saa bila kumchokoza, naye alichoka akanyamaza.

Jumatatu moja msimamizi alileta glavu. Msimamizi huyo alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni. Mfagiaji mmoja alikuwa amekatwa kiganja na kigae kilichovunjika, mpaka mfupa ukaonekana. Tangu siku hiyo, asionekane mtu mikono mitupu.

Jaji alivaa. Glavu zilikuwa za mpira, nene kama godoro. Aligonga cha kwanza, kidole hakikuambiwa kitu. Akagonga cha pili, cha tatu. Angeweza kuomba ruhusa ya kuzivua, lakini angeulizwa sababu, na sababu ile ingemwondoa mezani, mahali pekee duniani ambapo mtu alimngojea aseme neno. Basi akaendelea kugonga na kubahatisha. Saa ya chai ilipofika, matoroli mawili yalikuwa yamejaa, vigae mia nne, vyote vimepita kwa hukumu ya mtu asiyejua alichohukumu.

Na baada ya chai vingepakwa kioo, kisha vingeingia moto wa pili. Moto wa pili hausitiri. Chenye ufa hupasuka humo tanurini, vipande huanguka katikati ya vyuma vinavyozunguka na kuvibeba vigae, na moto uliokokwa kwa siku mbili hubidi uzimwe.

Aliiacha chai yake mezani, akaenda ofisini.

"Shikamoo, mjomba," midomo ya mpwa ilisema.

"Marahaba. Yale matoroli mawili yasiende kwa Bibi Kioo."

"Yana nini?"

"Sijui. Hapo ndipo penye shida." Alivua glavu, akaziweka juu ya meza. "Sisikii, mwanangu. Mwaka wa pili huu. Nilikuwa navishika kwa kidole. Leo nimebahatisha."

Mpwa aliinuka akafunga mlango, akarudi kusimama mbele yake ili midomo ionekane.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi yaishie hapa. Vua glavu, endelea kwa kidole kama zamani. Nitasema ngozi yako haipatani na mpira. Nani atauliza?"

Jaji alitamani kukubali. Kisha akatazama dirishani. Mfagiaji alikuwa akifagia kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa bendeji, na juu ya bendeji kavalishwa glavu.

"Yule aliomba kuvua, siyo?"

Mpwa aliitikia kwa kichwa.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sheria ni msumeno."

"Ulisema vyema. Na mimi nilisema kigae hakina mjomba kabla hujaota meno. Twende ukawaambie."

Walipoambiwa, Bibi Kioo alishika kiuno, akasogea mpaka usoni pake.

"Kumbe! Miaka miwili nakuamkia, nasema huyu kaka kaota mapembe, kumbe pamba masikioni! Si ungesema?"

"Ningesema, ningekaa wapi?"

Mama yule alisogea hadi meza ya Jaji. Akachukua kijiti, akavuta toroli la kwanza. Mikono yake ilikuwa ndani ya glavu, lakini yeye alihitaji masikio tu. Aligonga vigae mia nne, na Jaji akisimama kando alimtazama akiinamisha kichwa kidogo kwa kila kimoja, kama mtu anayeitwa na jirani. Kumi na tisa viliingia pipani.

Siku ile walibadilika. Waliomnyima salamu sasa walimpigia kelele, midomo imepanuka kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Wengine walizungumza juu yake mbele yake: "Muulize kama chai yake imepoa." "Muulize wewe, mimi koo linaniuma." Hawakuwa na nia mbaya. Alisoma kila neno.

Meza alipewa Bibi Kioo, naye Jaji akapangiwa mdomo wa tanuri la kwanza. Kabla ya kuondoka, alimwomba jambo moja. Alichukua kigae, akaushika mkono wa yule mama, akamvua glavu kwa dakika moja tu, akategesha kidole chake nyuma ya kigae, akagonga.

"Umesikia? Kama uzi."

Bibi Kioo alitafuta usoni pa yule mzee namna ya kumjibu bila kumuumiza.

"Nimesikia, kaka," alisema taratibu, midomo wazi. "Lakini nimesikia kwa masikio. Kidole sikukihitaji."

Jaji aliitikia kwa kichwa. Alimrudishia glavu, akangoja mpaka aivae.

Kwenye mdomo wa tanuri hufanya kazi mtu mmoja. Vigae vibichi humfikia kutoka kikaushioni, vyepesi, rangi ya majivu, unga uliogandamizwa tu. Ukikigonga kibichi hakilii, kizima au kibovu, na masikio mema kuliko yote hayawezi kukihukumu. Jaji alivipanga safu kwa safu juu ya vyuma vinavyozunguka, akavitazama vikiingia kwenye wekundu. Kutoka pale mpaka upande wa pili, ambako viliwatokea watu vikiwa na sauti, zilikuwa mita sabini. Alipanga safu nyingine.