Kikohozi cha Nani

Zahanati ilikuwa imempa mhudumu wa afya simu inayosikiliza vikohozi. Mtu anakohoa mbele yake, simu inafikiri kidogo, kisha inatoa rangi. Kijani, nenda zako. Nyekundu, huenda ni kifua kikuu, peleka makohozi yakapimwe upesi. Nyumba za watu alikuwa amezimaliza zote. Ya kwake, jamani, ndiyo aliyoiacha mwisho, na wala hakuwa amesahau. Woga tu.

"Hiyo simu imesomea wapi udaktari?" mama mkwe wake alimtania, akijiweka sawa mkekani. "Isije ikanizika na meno yangu bado ninayo."

"Kohoa tu, mama."

Bibi akakohoa. Na mjukuu wake, yule waliyempachika jina la Chiriku kwa vile mdomo wake haujui likizo, akakohoa papo hapo, kichwa kakilaza mapajani pa bibi.

Nyekundu.

Mhudumu, mama wa mtoto, akaitazama tena simu. Vikohozi viwili, rangi moja. Ya nani? Mtoto alikuwa amekonda, na yeye mama akajiambia anarefuka tu. Gauni lilikuwa limeanza kumpwaya, naye akamlaumu fundi cherehani. Yote aliyowakaripia akina mama wengine kwa kuyapuuza, kumbe kayapuuza nyumbani kwake!

"Imesemaje?" bibi akauliza.

"Imesikia watu wawili, mama. Lazima nirudie, mmoja mmoja."

Bibi akamtazama mkaza mwanawe, akamtazama mjukuu, na utani wote ukamwisha. Akamtuma mtoto uani. Akaivuta simu karibu na mdomo.

"Anza na mimi, mwanangu."

Loo, alivyokohoa! Alikohoa kwa kujikamua, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtiririka.

"Imetosha, mama, utajiumiza."

"Haijatosha! Acha inisikie vizuri!"

Kisha akakiinamia kile kioo alichokuwa akikicheka sasa hivi tu, akakibembeleza kwa sauti ya chini kama anayemsihi mtu mzima mwenzake.

"Sema ni mimi, baba. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Sema ni mimi."

Simu ikafikiri. Ikatoa kijani.

Bibi akajifunika uso kwa viganja, akalia kwa kuambiwa kuwa ni mzima. Mkaza mwanawe alitaka kumkumbusha kwamba rangi ni ya kupeleka kipimoni tu, kwamba kifua kikuu kina dawa na watoto wanapona. Maneno hayo huwaambia watu kutwa nzima bila kujikwaa. Siku hiyo akaishia kuipangusa simu kwa upindo wa kanga.

Mlango ukasukumwa.

"Sasa zamu yangu?" Chiriku akauliza. Akaketi mbele ya simu kwa furaha, kajinyoosha mgongo kama anayepigwa picha, na kabla mama yake hajabonyeza, kikohozi kikamtoka chenyewe.