Masahihisho

Jumamosi mchana, foleni ilisimama pale pale juu ya palipokuwa jiko la Mwalimu. Barabara hii ya juu ilijengwa kuimaliza foleni, ikaishia kuipandisha ghorofani. Mpimaji, aliyekwama humo garini mwake, alijua jiko lilikuwa penye nguzo ya thelathini na nane, maana vigingi alivipiga mwenyewe. Alijua pia kwamba mstari wa kwanza wa barabara ulipita kwa mama mkwe wake, naye akausogeza mita sita ili awe na amani nyumbani. Mita sita hizo zikaimeza nyumba ya Mwalimu.

Siku alipochora X nyekundu ya kubomoa ukutani, Mwalimu, aliyemfundisha darasa la pili, alitoka na mwiko mkononi.

"Leo unanisahihisha mimi, mwanangu? Nimekosa swali la ngapi?"

"Hujakosa, Mwalimu," alisema akikuna sikio. "Ni kompyuta iliyochora mstari."

Walicheka wote wawili.

Foleni ilipoachia, alishuka njia ya kwanza aliyoiona, akaenda hadi chumba alichopanga Mwalimu. Kabati lilikuwa limeziba nusu ya dirisha, kwa kuwa lilinunuliwa kwa ajili ya nyumba ile iliyobomolewa.

"Afadhali umekuja," Mwalimu alisema. "Nipelekee barua hii ofisini kwenu. Waitengeneze hiyo kompyuta, isije ikawaonea na wengine."

Aliisoma. Mstari wa mwisho ulisema: mpimaji nimemfundisha mwenyewe, hana kosa. Aibu ikamshika, akakosa pa kuweka macho.

"Mwalimu, haikuwa kompyuta. Ni mimi. Niliikwepa nyumba ya mama mkwe."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa gauni.

"Nilijua siku ile ile. Tangu una miaka minane, ukidanganya unakuna sikio."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Kazi ya mwalimu ni kuweka X. Masahihisho anafanya mwanafunzi."

Akaigeuza barua upande mweupe, akamsogezea kalamu. Mpimaji alijua kuandika ukweli kutamfukuzisha kazi na kumgombanisha na ukweni kote, na nyumba haitarudi. Akaandika: "Kigingi cha thelathini na nane nilikisogeza mimi."

Mwalimu aliinama begani kwake, akasoma.

"Andika na tarehe," akasema.