Mlango wa Nyuma

Moshi ulimjia akiwa katikati ya kola. Fundi wa kola akaondoa mguu kwenye pedali, akanusa. Cherehani zilinguruma ukumbi mzima, na hakuna mwingine aliyegeuza shingo. Ulikuwa moshi ule ule wa mwaka jana, uliomchukua shoga yake wa vifungo. Siku ile mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Baada ya mazishi kufuli likaondolewa, na kuta zikapakwa rangi nyeupe mpaka darini, yakaisha.

Tangu hapo moshi huo ulimjia hata pasipo moto, na zamani angekimbia. Lakini muuguzi wa kliniki alimfundisha kwa subira: avute pumzi taratibu, aende akaguse mlango, arudi kazini.

"Nitapona?" alimuuliza siku ya kwanza.

"Wengi wanapona, mwanangu. Wengine hofu inawarudia, tunaanza upya, wanapata nafuu. Ila usiache kuuendea mlango. Mwili hauamini maneno, unaamini mkono."

Na kweli alipata nafuu. Mwanzoni aliishia kwenye meza ya pasi, akarudi analia. Baadaye akafika mlangoni, akasukuma, akaona uani: jua, kamba za nguo, paka amejilaza. Usingizi ukarudi, na mzaha pia. Wenzake wakimwita Bibi Mlango, alicheka nao.

Basi akainuka, akaenda kama kawaida yake, akasukuma.

Mlango haukutikisika. Akaegemeza bega, wapi! Akachungulia kwenye upenyo, akaona kufuli jipya kwa nje.

"Bibi Mlango!" Msimamizi alikuwa nyuma yake. "Si ulisema umepona?"

"Mlango umefungwa, bosi."

"Mashati yanaibwa. Ulitaka tuwaachie wazi mbebe mpaka vifungo?"

"Na moto je, bosi?"

"Moto gani? Uko wapi?" Akawageukia wengine, akacheka, nao wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Wasiwasi wako tu huo. Ukiiacha mashine tena, kaugulie kwenu."

Wasiwasi ndio akili: neno hilo lilimfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza. Kwao kulikuwa na mama asiyeinuka kitandani, na hakuna mwingine wa kumlisha.

Akarudi, akakaa. Alivuta pumzi kama alivyofundishwa, akaitoa, akavuta tena. Mkono haukuwa na la kuuambia mwili. Aliogopa, na safari hii hakujua kama anaogopa ugonjwa au anaogopa mlango.

Kwenye cherehani ya marehemu shoga yake alikaa mshonaji mpya, mwanamke mpole aliyeanza kazi juzi tu. Huyo akainama upande wa fundi wa kola.

"Dada," alinong'ona, "husikii harufu ya kitu kinaungua?"

Msimamizi alikuwa bado amesimama pale pale, mikono kifuani. Fundi wa kola akarudisha mguu kwenye pedali.

"Wasiwasi wako tu," alisema.