Leke-leke Alipohama

Basilia alibakiwa na gunia moja tu la mbegu ya viazi. Likiozea ardhini, wanawe wangekula nini? Ndiyo maana hakuthubutu kupanda kabla ya kujua leke-leke ametaga wapi. Huko kwao milimani ndivyo walivyofanya wote: ndege yule akitaga juu, mvua ni nyingi, panda mteremkoni, akitaga chini karibu na maji, ni ukame, panda bondeni.

Alikwenda kumtafuta na shemeji yake, Fermín, mtu wa mizaha, shavu limemvimba kwa majani ya koka aliyokuwa akitafuna. Shambani walimkuta chiwako, yule ndege mwizi wa matunda ya bondeni, anadonoa funza wa hukohuko bondeni.

"Huyu kapotea njia," Fermín alicheka. "Kamkimbia mkewe."

"Na funza nao wamewakimbia wake zao?"

Leke-leke walimkuta juu kabisa, kwenye malisho ya llama, mahali ambapo hajapata kulima mtu. Fermín akarusha kofia hewani.

"Mvua hiyo, shemeji! Mvua ya kumwaga!"

"Mvua gani, we! Joto limemfukuza. Dubu ana msitu wake wa ukungu, chiwako ana bonde, huyu ana baridi yake. Sasa wa chini kapanda, na wa juu kapanda. Viazi vyetu je?"

"Viazi havina mabawa."

"Vina mimi."

Basi akalima kulekule juu kwa jembe la kukanyaga, Fermín akinung'unika kwamba baridi itavikausha vyote. Basilia mwenyewe aliogopa, tena sana. Tuta likafika kwenye kiota. Leke-leke akapiga kelele, akamrukia usoni. Basilia akainua macho: juu yao yalikuwa mawe matupu, hata jani moja la nyasi hakuna. Machozi yakamtoka.

"Haya, dada, tubanane hapahapa," alimwambia ndege, akalipinda tuta, akakizunguka kiota.

Viazi viliota, tena vizuri, na watoto walikula wakashiba. Msimu uliofuata Basilia alikwea tena huko juu na gunia lake, yeye na Fermín, wakaketi kwenye ukingo wa shamba kumngoja leke-leke. Walingoja hadi jua likaelekea kuzama. Chiwako ndiye aliyekuja, akatua kwenye tuta.

Fermín hakufanya mzaha safari hii.

"Shemeji," aliuliza, "sasa nani atatuonyesha pa kupanda?"